Jina Halioshwi kwa Fedha

Somo: Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mstari wa 1 hata wa 7.



Si siku nyingi zilizopita tulishuka kutoka Sumbawanga kwenda kuwatazama ndugu zetu wa Kirando. Ninyi mnaoijua njia ile mwajua jinsi mtu anavyoiacha nyuma baridi ya uwanda wa Ufipa, akapita Namanyere, kisha akateremka hata joto la Ziwa Tanganyika limpokee usoni. Huko sisi Waluteri tu wachache kati ya ndugu zetu Wakatoliki, lakini siku ile nyumba ya ibada ilijaa. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi hukaa nchi kavu, kwa kuwa taa zao hazina nguvu ya kuwakusanya dagaa mbele ya mwezi mkubwa.

Ibada ilipokwisha tulisimama mlangoni kupeana mikono na watu. Mama mmoja, mchuuzi wa dagaa, alikawia hata wengine wote wakaenda zao. Ndipo aliponena kwa sauti ndogo: "Baba Mchungaji, nina neno la kuuliza. Je, jina la mtu laweza kuoshwa kwa fedha?"

Tulidhani auliza habari za toba, tukaanza kumjibu kama tulivyofundishwa chuoni. Lakini yeye akatikisa kichwa. "Sisemi jina lililo mbinguni, Baba. Nasema jina lililo benki."

Basi tukaketi naye kwenye benchi, akatueleza habari zake zote. Mapema mwaka 2024 alikopa fedha kwa mkopeshaji mmoja ili anunue dagaa, awaanike, awapeleke kuuza huko juu. Kisha ziwa likafungwa. Mnakumbuka kwamba tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti mwaka ule uvuvi ulisimamishwa, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, ndizo Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Shauri lile lilikuwa jema kwa samaki, na kwa watoto wetu watakaovua baadaye. Lakini ziwa lilipopumzika, riba haikupumzika. Mama yule alikosa kulipa mwezi wa kwanza, akakosa wa pili. Naye kwa haya alitupa laini yake ya simu, akanunua nyingine, ili mdai asimpate.

Ziwa lilipofunguliwa alikwenda mjini kuomba mkopo wa kuanza upya. Karani akatazama kumbukumbu, akamwambia kwamba jina lake limeandikwa miongoni mwa wasiolipa. Akarudi na huzuni nyingi. Jirani akampa namba ya mtu asemaye kwamba ana kazi ya kusafisha majina, na kwamba katika siku tatu tu atalifuta jina lake kitabuni kwa shilingi 150,000. Mama akauza mabati aliyokuwa ameyaweka akiba kwa ajili ya nyumba yake. Mtu yule akapokea fedha, akamwomba pia namba ya kitambulisho chake na namba ya siri ya simu, "ili kazi iende upesi". Mama akampa vyote. Tangu siku ile simu ya mtu yule haikupokelewa tena. Baada ya majuma machache akadaiwa mkopo mwingine, uliochukuliwa kwa jina lake, ambao yeye hakuuona hata senti moja. Akatuambia, "Sasa nina madeni mawili, Baba, na jina ni lile lile bovu."

Hatukumjibu upesi. Tuliona haya kumjibu, kwa maana sisi wenyewe tunaoandika maneno haya tulikaribia kuanguka katika shimo hilo hilo. Miaka kadha iliyopita tulitia sahihi kuwa wadhamini wa mkopo wa jamaa yetu. Hatukuuliza sana, tulidhani kuuliza ni kukosa upendo. Jamaa yule hakulipa, na sisi hatukufuatia. Hata siku moja tulipotaka kukopa kwa ajili ya karo ya shule ya watoto tukakataliwa, tukaambiwa jina letu lina doa. Tuliumia sana, maana mchungaji husimama mbele ya watu kila Jumapili, naye hupenda kudhaniwa kuwa hana doa. Akatujia mtu mpole, amevaa vizuri, akasema ana rafiki ndani, atatuletea barua ya kuonyesha kwamba hatudaiwi. Twaungama kwamba fedha zilikwisha kuhesabiwa, zikawa ndani ya bahasha.

Mzee mmoja wa usharika, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alituuliza neno moja tu: "Je, mtu huyu atakwenda kumlipa yule mnayedaiwa naye?" Tukasema, la. "Basi, Mchungaji, mnanunua nini?"

Hatukuwa na la kujibu. Bahasha ilirudi kabatini. Na swali la mzee yule ndilo mahubiri yetu ya leo. Mengine yote ni maelezo yake.

Sasa na tulitazame Neno. Mjane mmoja alimlilia nabii Elisha. Mumewe alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa manabii, mcha Mungu, naye amekufa akiacha deni. Na mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Angalieni kwanza jambo hili: aliyeacha deni alikuwa mcha Mungu. Kwa hiyo asiwepo mtu katika sharika zetu wa kumwona kila mdeni kuwa mwovu. Mauti huleta deni, na ugonjwa, na mvua ikikosa, na ziwa likifungwa. Walakini Neno halisemi kwamba kwa kuwa marehemu alimcha Mungu, basi deni lake halipo. Deni lilikuwapo, na mdai alikuwa mlangoni.

Elisha alimwuliza mjane ana nini nyumbani. Hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta. Akamwagiza aazime vyombo vitupu kwa jirani zake wote, wala visiwe vichache. Aingie ndani, afunge mlango, amimine. Mafuta yakajaza vyombo vyote, kisha yakakoma. Ndipo mjane alipomrudia mtu wa Mungu, naye akampa agizo la mwisho: auze mafuta, alipe deni lake, na kile kitakachosalia wapate kuishi kwacho, yeye na wanawe.

Ndugu, nabii aliyeweza kuyaongeza mafuta hakushindwa kuomba kwamba hati ya deni iteketee kwa moto, au mwandishi asahau, au mdai apotewe na njia. Hakuomba hivyo. Mafuta yale ya muujiza yenyewe yalipita kwanza mlangoni kwa mdai, ndipo yakarudi kuwa chakula cha watoto. Mungu alimwokoa mjane kwa kumpa njia ya kulipa.

Labda mtauliza, kitabu hiki cha majina ni kitu gani? Zamani jina la mdeni lilikuwa katika vinywa vya majirani. Mtu akikopa gunia la ulezi asilirudishe, kijiji kizima kilijua; naye akihamia mbali, jina lilibaki nyuma yake. Siku hizi jina husafiri pamoja na mtu. Mwaka 2012 zilitungwa kanuni chini ya Benki Kuu ya Tanzania za kuweka kumbukumbu za wakopaji, na za kuzipa leseni kampuni za kutunza na kutoa taarifa hizo; miongoni mwa zilizopata leseni ni Creditinfo na Dun & Bradstreet. Wakopeshaji hupeleka huko habari za watu: fulani amekopa kiasi gani, amelipa kwa wakati, au amechelewa, au ameacha kabisa. Mtu akija kuomba mkopo mpya, mkopeshaji hufungua kumbukumbu hizo kwanza. Wala si kitabu cha makosa tu. Anayelipa vema huandikiwa mema yake, nayo humsaidia.

Basi fahamuni sana neno hili. Yaliyoandikwa humo juu yako ni ya namna mbili: ya kweli, au ya uongo. Kama ni ya uongo, unayo haki wewe mwenyewe kuyapinga, wala huhitaji kumnunua mtu wa kukusemea. Kama ni ya kweli, hakuna mtu awezaye kuyafuta kwa njia ya haki, hata umpe fedha nyingi namna gani. Kwa hiyo msafishaji wa majina anakuuzia mojawapo ya vitu viwili: ama haki yako mwenyewe, ama uongo. Hana kitu cha tatu katika mfuko wake.

Wako wengine wasiotoroka na fedha, bali hutimiza ahadi yao kwa namna yao. Hao hutengeneza barua ya bandia yenye mhuri, au humshawishi karani abadili hesabu. Mwawakumbuka wadeni wa yule bwana katika Injili ya Luka, sura ya 16: wakili dhalimu aliwaita mmoja mmoja, akawapa hati zao waandike pungufu, wa mia akaandika hamsini. Bwana wetu alitumia habari ile kutufundisha busara ya kujiwekea mambo ya mbele. Hakumwita wakili yule mwenye haki. Na aliyeandika hamsini mahali pa mia alikuwa mshiriki wa wizi. Ndugu, barua ya bandia ukiipokea, doa halijatoka katika jina lako. Limeongezeka, na sasa hata serikali yaweza kukushika.

Sisi Waluteri ingefaa tuwatambue watu hawa upesi kuliko wengine. Maana Kanisa letu lilianza kwa jambo lililo mfano wa hili. Mwaka 1517 mtawa mmoja, jina lake Tetzel, alizunguka nchi za Ujerumani akiuza barua za rehema. Maskini walitoa akiba yao wakadhani wamenunua usafi. Martin Luther, aliyekuwa mwalimu na mchungaji katika mji wa Wittenberg, aliona watu wake wakirudi na karatasi mkononi, wasione tena haja ya kutubu. Tarehe 31 Oktoba mwaka ule akatoa hoja zake 95. Alilolipinga ni hilo la kwamba karatasi iliyonunuliwa yaweza kusimama mahali pa toba. Watu wale wa Tetzel hawajakwisha. Leo huuza kwa simu.

Hapa yatupasa kunena kwa uangalifu, mtu asije akachanganya mambo mawili. Deni letu kwa Mungu hatuwezi kulilipa. Kristo amelilipa kwa damu yake, nasi tumesamehewa bure, kwa imani. Mtu asidhani kwamba kwa kuwalipa wanadamu ananunua mbingu. Lakini mtu asigeuze neema kuwa kisingizio, akasema, Mungu amenisamehe, basi na mkopeshaji anyamaze. Zakayo hakuokolewa kwa kurudisha. Bwana aliingia kwanza nyumbani mwake. Bali alipokwisha kumpokea Bwana, mikono yake ilifunguka yenyewe, akarudisha mara nne. Aliyesamehewa bure na Mungu hupata nguvu ya kumtazama mdai wake usoni.

Sasa twataka kuwapa alama za kumtambua msafishaji wa uongo, nanyi wazee wa sharika mziseme mara kwa mara vikundini. Ataka fedha kabla ya kufanya kazi. Huko Marekani, ambako kazi ya kutengeneza majina ya wadeni ni biashara kubwa, watu walidanganywa hata ikatungwa sheria mwaka 1996 inayokataza kuwatoza watu kabla kazi haijatimizwa, na kukataza kuwashauri waseme uongo. Tena, huahidi kufuta hata deni la kweli, na kwa siku chache. Hukuambia usiseme na mkopeshaji wako. Huomba namba yako ya siri, au kitambulisho chako. Hukushauri ukope kwa jina la mke, au la mtoto, au kwa laini nyingine. Ukiiona hata alama moja katika hizi, ondoka, kama mtu aondokavyo penye moshi wa nyuki.

Ndugu zetu wa Kenya wamepita njia hii kabla yetu, na habari zao zatufaa. Mikopo midogo ya simu ilienea kule upesi sana, na watu wengi wakaandikwa vitabuni kwa deni dogo mno. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa na sheria wasipeleke tena majina, ikakataza pia mtu asiandikwe kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000 za nchi ile. Kisha mwezi wa Novemba 2022 ikatoa mpango kwa wadeni wa mikopo ya simu: mabenki yawapunguzie angalau nusu ya deni, nao wapatane namna ya kulipa iliyobaki, mpaka tarehe 31 Mei 2023. Angalieni jambo hili. Hata msamaha ule mkubwa, uliowahusu watu zaidi ya milioni nne, haukusema "majina yafutwe tu". Ulisema, njoo, tupatane, lipa nusu. Wala haukuhitaji mtu wa kati mwenye bahasha.

Njia iliyo njema ni ipi, basi? Twaitaja kwa utaratibu, kama tulivyoipita sisi wenyewe.

Kwanza, ijue kweli. Enda kwa mkopeshaji, au uiombe kampuni yenye leseni ikupe taarifa yako, ukajue ni nani anayekudai, na kiasi gani. Elisha alimwuliza mjane ana nini nyumbani. Mtu hawezi kutengeneza asilolihesabu. Sisi tulipopata taarifa yetu tuliona deni ni dogo kuliko tulivyoliogopa usiku.

Pili, kama pana uongo, upinge kwa maandishi. Onyesha stakabadhi zako. Kwa hiyo usitupe stakabadhi hata moja; itunze pamoja na cheti chako cha ubatizo. Kama ni mkopo uliochukuliwa na mwizi kwa jina lako, peleka habari polisi na kwa kampuni ya simu bila kukawia. Usiposikilizwa, Benki Kuu hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, nayo ina tawi Mbeya.

Tatu, kama deni ni la kweli, mwendee mdai kabla yeye hajakujia. Kitabu cha Mithali, sura ya 6, humshauri mtu aliyenaswa kwa dhamana asilale usingizi kabla hajamwendea jirani yake na kumsihi. Kujificha ndiko kulikomharibia mama yetu wa Kirando kuliko umaskini wake. Mkopeshaji aliyeambiwa mapema kwamba ziwa litafungwa huenda angekubali kungoja. Mkopeshaji aliyepiga simu asipate mtu hudhani ameibiwa. Omba mpango wa kulipa kidogo kidogo, uandikwe, utiwe sahihi. Wala usiahidi kuliko uwezavyo, ili usiwe mwongo mara ya pili.

Nne, lipa mpaka mwisho, kisha uombe barua ya kumaliza deni, na uhakikishe kwamba mkopeshaji amepeleka habari za malipo yako kule kulikopelekwa habari za kosa lako.

Tano, vumilia. Hata deni likiisha, kumbukumbu ya kuchelewa haitoki siku hiyo hiyo. Huko Kenya yaweza kukaa miaka mitano baada ya deni kulipwa. Jambo hili wakulima wa Ufipa hawahitaji kufundishwa. Shamba likichoka, baba zetu hawakutafuta dawa ya siku tatu. Walikata majani, wakayafukia chini ya udongo katika matuta ya duara, yale yaitwayo ntumba, wakayaacha yaoze. Na msimu uliofuata wakayatawanya, wakapanda. Ndivyo jina la mtu linavyopona. Anza na akiba ndogo ya kikundi. Kopa kidogo, ulipe siku yake. Kopa tena kidogo, ulipe. Miaka michache ya uaminifu itafunika mwaka mmoja wa aibu.

Tena msikimbilie mkopo mbaya ili kulipa mkopo mwingine. Mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu haikuitwa hivyo bure. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na vikundi vya akiba viandikishwe. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Basi muulizeni kwanza mwenye kukopesha leseni yake. Pia halmashauri zetu hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ulizeni huko kabla ya kujifunga kwa mtu asiyejulikana.

Tuna neno pia kwa ninyi mnaokopesha, maana mmo miongoni mwetu, na wengine hukaa viti vya mbele. Torati ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, ilikataza kumnyang'anya maskini jiwe lake la kusagia liwe rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua maisha yake. Kirando, jiwe la kusagia ni wavu na taa. Kwa mwalimu na mtumishi wa serikali, ni kadi ya benki. Nanyi mwawajua wale wanaozishika kadi za watu pamoja na namba zake za siri, mwisho wa mwezi wakatoa mshahara wa mwenzao kana kwamba ni wao. Sura ile ile yamwagiza mdai asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani, bali asimame nje. Na yule atumaye habari za deni kwa jamaa na rafiki zote zilizo katika simu ya mdeni, huyo ameingia mpaka chumbani. Na mkikwisha kulipwa, msikawie kupeleka habari ya kwamba mmelipwa. Jina la jirani yako si mali yako kulishikilia.

Mwisho, neno kwa sharika. Elisha hakuwaagiza jirani za mjane watoe mafuta. Walitakiwa watoe vyombo vitupu. Ndugu, pengine hatuna fedha za kuwalipia wenzetu. Lakini kila usharika una vyombo vitupu. Yuko mwenye kujua kusoma barua ya benki. Yuko mwenye kujua kuandika malalamiko. Yuko mzee mwenye heshima awezaye kumsindikiza mdeni kwa mdai wake, akaketi kando yake, hata kama hasemi neno. Yuko awezaye kufunga mlango, kama mjane alivyoambiwa afunge, habari za mwenzake zisitoke nje kuwa mazungumzo ya kisimani. Katekismo yetu yatufundisha katika amri ya nane kwamba tumtetee jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema. Watu wangewaendea wasafishaji wa uongo kwa siri kama wangeweza kuja kwetu bila kuchekwa?

Mtapenda kujua habari za mama yetu. Kesho yake mzee wa usharika wa Kirando alifuatana naye polisi, akaandikisha habari za mkopo ule wa wizi. Kisha wakapanda pamoja mpaka mjini kwa mkopeshaji wa kwanza. Mama alituambia baadaye kwamba mlango ule ulikuwa mzito kuliko mlango wo wote aliopata kuufungua. Lakini ndani aliketi mtu, wala si simba. Wakapatana kiasi cha kulipa kila mwezi, naye mkopeshaji akakubali kwamba wakati ziwa linapofungwa atalipa pungufu. Hajamaliza. Jina lake bado halijawa jeupe, na mabati yake hayakurudi. Ila amewasha tena laini yake ya zamani, na simu ikilia, aipokea.

Sisi nasi tulimaliza deni la jamaa yetu, shilingi moja moja, kwa muda wa miaka miwili. Hatukupata barua kutoka kwa rafiki aliye ndani. Tulipata stakabadhi.

Kwa hiyo, mama, twakujibu sasa mbele ya wote, kwa kuwa siku ile tulikujibu nusu. Jina halioshwi kwa fedha. Deni hulipwa kwa fedha. Jina huoshwa kwa kweli na kwa siku nyingi. Na lile jina la kwanza ulilosema, lililo mbinguni, limekwisha kuandikwa kwa damu ya Mwana-Kondoo, wala hakuna karani awezaye kulifuta.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyechukua deni letu tusiloweza kulilipa, utupe ujasiri wa kulipa lile tuwezalo. Uwafungulie walionaswa. Uwaaibishe wanaowauzia maskini uongo, ukawageuze pia. Uilainishe mioyo ya wadai. Uyafanye makanisa yetu kuwa vyombo vitupu mkononi mwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.